Jaketi Jepesi la Baridi ya Mlimani: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Mombasa

Kila kaskazi ikishika, Januari na Februari, vijana wa Mombasa hufunga safari kwenda Mlima Kenya au Kilimanjaro. Na kila kundi huwa na mtu anayetetemeka usiku wa kilele ilhali jaketi lake ndilo zito kuliko ya wenzake wote.

Nimeliona hilo mara nyingi mno. Kijana mmoja tuliyelala naye Shipton's, kambi iliyo kwenye mita 4,200 hivi chini ya vilele vya Mlima Kenya, alikuja na koti la ngozi lililokaribia kilo mbili. Saa nane usiku, tukijiandaa kwenda kilele cha Point Lenana, ilibidi tumfunge blanketi juu ya lile koti. Midomo ilikuwa imemkauka na vidole havifungi zipu.

Hakuwa mzembe. Alinunua kama tunavyonunua wengi wetu: amesimama sokoni Kongowea kwenye jua, jasho linamtiririka, muuzaji anamwambia, "Kaka, shika mwenyewe, hili zito, baridi haipenyi." Akapima joto kwa uzito. Sisi wa pwani hatuna baridi ya kujaribia nguo, kwa hiyo tunakisia. Mwongozo huu ni wa kuacha kukisia. Jaketi linapimika hapa hapa Mombasa, kwa macho, kwa mkono na kwa barafu.

Kwanza lielewe jambo moja, maana hatua zote zinalitegemea. Jaketi halitoi joto. Joto ni la mwili wako. Jaketi linashika hewa iliyotulia ili joto hilo lisikimbie. Fikiria mto wa sufi. Ukiwa mpya umefura na ni mwepesi. Ukizeeka sufi inashikana mabonge, mto unalala, na uzito haujapungua hata kidogo. Kilichoondoka ni hewa. Jaketi ni vivyo hivyo: unanunua kufura, hununui uzito.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda sokoni

- Nguo zote utakazovaa chini ya jaketi siku ya kupanda: fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba (jezi ya mpira ya poliesta inafaa kabisa) na flisi (sweta laini la poliesta lenye manyoya mafupi) au sweta jembamba
- Kofia ya baridi, au mtandio unaouvaa kila siku
- Simu yenye tochi
- Mizani ndogo ya jikoni, au ya kuning'iniza
- Chupa ndogo ya maji
- Chupa mbili za plastiki za nusu lita, zinazofanana, za kugandisha nyumbani
- Mifuko miwili isiyopitisha maji, na kikombe cha kupimia
- Koti la mvua, kama tayari unalo

Usiende adhuhuri. Nenda asubuhi mapema, marobota yakifunguliwa, kabla joto halijakutia haraka. Mtu anayechuruzika jasho havai jaketi kwa dakika tano, na dakika tano ndizo unazozihitaji.

## Hatua ya 1: Ijue baridi unayoiendea

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chukua Mombasa yenye nyuzi 28, kisha panda hadi Point Lenana, mita 4,985: umepoteza nyuzi 32, uko kwenye 4 chini ya sifuri. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kiko mita 5,895. Hesabu hiyo hiyo inakufikisha 10 chini ya sifuri. Hapo sijautaja usiku, wala upepo unaoikokota hewa yako ya moto na kwenda nayo.

Andika kwenye karatasi unakwenda wapi na mwezi gani. Mwongozo huu unahusu jaketi jepesi, lile la gramu 300 hadi 500. Kwa Lenana, likiwa juu ya flisi na chini ya koti la mvua, linatosha watu wengi. Kwa usiku wa kilele cha Kilimanjaro halitoshi peke yake: ongeza flisi nene zaidi, au kodi jaketi kubwa kule kule Moshi, mji ulio chini ya mlima huo, na hili jepesi ulivae kambini. Usikubali mtu akwambie vinginevyo.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kusema kwa sentensi moja: "Nakwenda mahali fulani, mwezi fulani, na baridi itakuwa nyuzi kadhaa."

## Hatua ya 2: Amua kinachojaza jaketi

Kuna aina mbili kubwa, na hapa ndipo pa kutulia.

Manyoya laini ya bata au bata bukini. Si manyoya ya mbawa yenye uti. Ni yale mepesi ya kifuani yanayokaa kama kiputo cha pamba. Kwa uzito ule ule, hakuna kinachoyashinda. Yanakunjika hadi kuwa kama mkate mdogo, na yakitunzwa yanadumu miaka mingi. Adui yake ni maji. Yakilowa yanashikana, hewa inatoka, na joto linakwenda nayo.

Nyuzi za poliesta. Hizi ni nzito kidogo kwa joto lile lile na zinachukua nafasi zaidi begini. Kukunjwa na kubanwa mara kwa mara huzilaza kwa miaka. Lakini zikilowa bado zinashika hewa kiasi cha maana, zinakauka upesi, na kuzifua hakuna shida.

Maoni yangu, na nayashikilia: mtu wa Mombasa anayenunua jaketi lake la kwanza achukue la poliesta. Sababu ni mbili. Mlima Kenya una maji kuliko watu wanavyodhani. Njia ya Naro Moru inapita kwenye kinamasi cha mteremko ambako unatembea kwenye tope na ukungu kwa saa kadhaa. Sababu ya pili ni nyumbani kwetu. Unyevu wa pwani huingia kabatini, na manyoya yaliyofungiwa miezi minane ndani ya mfuko Likoni au Kisauni hutoka yakinuka uvundo.

La manyoya linunue ikiwa unakwenda msimu mkavu, una koti zuri la mvua, na uko tayari kulitunza kama hatua ya 8 inavyoeleza.

*Umefaulu ikiwa* unaingia sokoni ukijua unatafuta lipi. Ukiingia bila uamuzi, rangi itakuamulia.

## Hatua ya 3: Soma lebo, hata kama si ya lugha yako

Lebo ya ndani, kwa kawaida kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, haijui biashara. Muuzaji anaweza kukosea kwa nia njema kabisa. Lebo imeandikwa na aliyeshona.

Mitumba mingi inatoka Ulaya, kwa hiyo jifunze maneno machache. Kwa Kiingereza manyoya laini ni "down" na ya mbawa ni "feather". Kwa Kijerumani ni "Daunen" na "Federn". Kwa Kifaransa ni "duvet" na "plumes". Ukiona asilimia mbili, kama 90 na 10, ya kwanza huwa ya manyoya laini na ya pili ya mbawa. Tafuta 80 kwa 20 au bora zaidi. Likiwa nusu kwa nusu, liache: uti wa manyoya ya mbawa unaongeza uzito na kuchoma kitambaa.

Usichanganye kitambaa cha nje, bitana na kilichojazwa. Lebo huvitaja vyote vitatu, na vyote vinaweza kuandikwa poliesta. Mstari unaoutafuta ni wa kujaza: "filling", "Füllung" au "garnissage".

Kwenye majaketi ya manyoya utakuta pia namba kama 600, 700 au 800, mara nyingine imeshonwa kifuani. Inaeleza manyoya yanavyofura. Gramu 28 za manyoya ya 600 zinajaa karibu dumu la lita 10. Gramu hizo hizo za 800 zinajaza lita 13. Kubwa ni bora, lakini namba hiyo haikwambii ndani mna manyoya kiasi gani. Jaketi la 800 lenye manyoya kiduchu litashindwa na la 600 lililojazwa vizuri. Watu wengi wamelipa pesa nyingi kwa ajili ya namba iliyo kifuani.

La poliesta hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Gramu 40 ni za kutembelea, 60 ni za kawaida, 100 na kuendelea ni za kusimamia kwenye baridi. Kwa mlima tafuta 60 kwenda juu. Lebo isipotaja, twende kwa mkono.

## Hatua ya 4: Likague kwa mkono na tochi

Fanya majaribio haya kwa mpangilio huu, maana la kwanza likishindwa huna haja ya la pili.

Libane, uliachie. Likunje kifuani, libane kwa viganja viwili hadi hewa itoke, hesabu hadi kumi, liachie. Jaketi zima hufura lenyewe ndani ya muda mfupi, unaliona likipumua. Likibaki limelala kama chapati, limekufa. Ila tahadhari: lililotoka kwenye robota sasa hivi limebanwa kwa miezi. Likung'ute kwa nguvu mara kadhaa, lipe dakika kumi, ndipo ulihukumu.

Mulika. Washa tochi ya simu ndani ya jaketi, utazame kutoka nje, kila kijumba kilicho kati ya mishono, kimoja baada ya kingine. Mwanga unapaswa kufifia sawasawa. Ukiona doa angavu juu na bonge jeusi chini, kujaza kumeshuka au kumeshikana. Angalia mabegani na viwikoni kuliko kwingine kote. Hapo mikanda ya begi husugua.

Papasa mishono. Jaketi jepesi hushonwa moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, na kila mstari wa mshono ni ufa mwembamba wa baridi. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni manyoya kuchungulia kwenye kila tundu la sindano. Moja au mawili hayana neno. Yakiwa kumi kwenye mkono mmoja, kitambaa kimechoka.

Vuta zipu mara tano. Chumvi ya hewa yetu hula zipu za chuma; angalia kutu kwenye kishikio. Zipu mbovu fundi ataibadilisha, lakini itie kwenye bei.

Tone la maji. Mwombe muuzaji ruhusa, dondosha matone machache begani. Yakisimama kama shanga, dawa ya kuzuia maji bado ipo. Yakinywewa papo hapo imeisha, na unaweza kuipaka upya, kwa hiyo usiliache jaketi zuri kwa sababu hiyo peke yake. Hakuna jaketi la kufura jepesi linalostahimili mvua ya kweli. Kazi hiyo ni ya koti la mvua.

Nusa. Kwapani na kwenye kola. Harufu ya jasho hutoka. Harufu ya uvundo kwenye la manyoya huwa haitoki kwa urahisi, nami huwa naliacha.

Pima uzito. Zaidi ya gramu 700 si jaketi jepesi tena, hata kama ni zuri.

*Umefaulu ikiwa* linafura, mwanga wake uko sawa, na ukilitikisa hakuna kinachokusanyika chini.

## Hatua ya 5: Livae juu ya kila kitu

Usilijaribu juu ya fulana moja. Vaa jezi, vaa flisi, kisha jaketi, zipu hadi kidevuni. Kutakuwa na joto kali, vumilia.

Inua mikono yote miwili kana kwamba unafikia bati la juu. Upindo ukipanda ukaacha tumbo wazi, ni fupi. Kumbatia mabega yako. Likivuta mgongoni, ni dogo, na jaketi linalobana limeshatoa hewa yake lenyewe. Likiwa kubwa mno nalo halifai, hewa moto inatoka kwa chini kila unapopiga hatua. Kipimo changu: mkono uingie kifuani juu ya flisi bila shida, ngumi ikwame.

Kisha vaa koti la mvua juu yake. Watu wengi husahau hapa. Koti la mvua likibana, limelibana pia jaketi, na kufura kote ulikolipia kumekwenda.

Kofia ya jaketi iingie juu ya kofia yako ya baridi. Dada zangu mnaovaa mtandio, lijaribuni na mtandio wenyewe, si bila. Kofia ndogo inauvuta mtandio nyuma na kufungua shingo, na shingo ni mlango mkubwa wa baridi. Mlimani chukueni mtandio mwembamba wa poliesta, kwa sababu wa pamba ukishika jasho unabaki na maji kichwani hadi asubuhi.

## Hatua ya 6: Jaribio la barafu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, maana inaondoa ubishi. Jaketi linalozuia joto kutoka ndilo hilo hilo linalozuia joto kuingia. Hatuna baridi, lakini joto tunalo la kutosha.

Jaza chupa mbili za nusu lita, acha nafasi kidogo juu zisipasuke, uzigandishe usiku kucha kwenye friza moja. Asubuhi tia kila chupa kwenye mfuko usiopitisha maji na uufunge barabara. Chupa ya barafu hutoka jasho, na jasho hilo likiingia kwenye manyoya umeharibu ulichokuja kupima.

Weka chupa moja katikati ya kifua cha jaketi, funga zipu, kunja pande zote mbili juu yake, mikono nayo ifuate. Usifunge kwa kamba, usilikandamize. Chupa ya pili ifunge kwa namna ile ile ndani ya jaketi la mwenzako, au ndani ya sweta nene. Ziweke juu ya meza moja, kivulini, mbali na feni. Ondoka.

Baada ya saa tatu fungua zote mbili kwa wakati mmoja, mimina maji yaliyoyeyuka kwenye kikombe cha kupimia, kimoja kimoja. Penye maji machache ndipo penye jaketi bora.

Mara ya kwanza tulipofanya hivi tulikuwa wanne, kwenye baraza ya nyumba moja Tudor, na majaketi manne. Mwenzetu mmoja alikuwa akijivunia jaketi jipya, zito, lililong'aa. Tulipofungua, chupa yake ilikuwa ikielea kipande cha barafu kama kidole. Chupa iliyokuwa ndani ya jaketi la mtumba lililopauka, la gramu 390, ilikuwa bado ngumu kama jiwe, maji kidogo tu pembeni. Alilishika lile lililopauka, akalibana, akaliachia, akalitazama linavyofura. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata alirudi Kongowea.

Mtumba kwa kawaida haurudishwi, kwa hiyo jaribio hili lifanyeni kama kundi kabla ya safari. Mwenye jaketi la mwisho aongeze flisi ya pili.

*Umefaulu ikiwa* jaketi lako limelishinda sweta waziwazi. Yakilingana, umenunua sweta.

## Hatua ya 7: Lijaribu Taita

Panda basi au treni hadi Voi, kisha matatu hadi Wundanyi. Vuria, kilele cha juu cha milima ya Taita, kina mita 2,208, na alfajiri ya Julai ukungu na upepo wake vinatosha kukufundisha. Keti nje saa kumi na moja asubuhi kwa nusu saa bila kutembea. Mahali baridi inapoingia kwanza, kiunoni, shingoni au viganjani, ndipo pa kurekebisha.

## Hatua ya 8: Litunze kwa hewa ya pwani

Usilihifadhi likiwa limekunjwa kwenye mfuko wake mdogo. Mfuko huo ni wa safari. Nyumbani litundike, au litie ndani ya foronya kubwa ya pamba, mahali penye hewa, na kila mwezi litoe likapunge upepo kivulini kwa saa chache.

Kufua: maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaziba kitambaa na kuyalaza manyoya na nyuzi. Suuza hadi povu liishe kabisa. Usilikamue kwa kulisokota. La manyoya linyanyue kwa mikono miwili kutoka chini kama mtoto mchanga. Ukilivuta bega moja likiwa na maji, kuta za ndani zinachanika.

Lianike likiwa limelala, kivulini, na kila saa chache uyavunje mabonge kwa vidole. Kwetu huchukua siku mbili hadi tatu, kwa hiyo usilifue wakati wa masika. Dobi mwenye mashine ya kukaushia anaweza kulikausha kwa moto mdogo pamoja na mipira miwili mitatu ya tenisi. Mipira inayagonga mabonge. Bado kuna bonge? Bado kuna maji.

Likitoboka usilipe sindano, unaongeza matundu. Bandika kiraka cha gundi, ukizikata pembe zake ziwe duara ili kisibanduke.

## Hatua ya 9: Mlimani, livae ukisimama

Kosa la mwisho ni la njiani. Mtu anaanza kupanda amevaa kila kitu, baada ya dakika ishirini ametota jasho, na akisimama jasho lile lile linamgandisha. Tembea na jezi na flisi, ukihisi baridi kidogo. Jaketi likae juu kabisa ya begi, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kundi likisimama, livae papo hapo, kabla hujaketi na kabla hujafungua maji. Usisubiri kutetemeka, jaketi linatunza joto lililobaki, halirudishi lililokwisha kwenda.

Usiku wa kilele mwendo ni wa pole sana na mwili hautoi joto la kutosha, kwa hiyo hapo unaweza kuanza nalo. Jasho likianza kuja mgongoni, fungua zipu hadi nusu. Usiku huo, kabla ya kuondoka, lala nalo likiwa limekufunika kifuani ndani ya blanketi la kulalia, si chini ya kichwa kama mto. Likilaliwa linaamka limelala, na saa nane usiku hutakuwa na dakika kumi za kulingoja lifure.